Chini ya 226.5: mkeka uliobakiwa na nafasi ya pointi 23 na kuchanika ndani ya sekunde 90

Kisa ninachokichambua hapa nimekijenga mwenyewe, kwa kufuata sheria za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, na aina ya mistari (namba ambazo unabashiri matokeo yatakuwa juu au chini yake) ambayo kampuni za kubashiri huweka kila usiku wa msimu. Timu nimeziita Wenyeji na Wageni. Mechi halisi huja na mapenzi ya timu na lawama kwa marefa, na hapa nataka tuangalie jambo moja tu: kwa nini mbashiri aliyetabiri mchezo wa polepole, na mchezo ukaenda polepole kweli, bado alipoteza hela yake.

Mkeka wenyewe, yaani tiketi ya kubashiri, ni mfupi. Mechi moja, soko la jumla ya pointi za timu zote mbili, mstari 226.5, odi (namba inayozidisha dau lako ukishinda) 1.90 kwa Juu na 1.90 kwa Chini. Dau ni 100. Mbashiri wetu akachukua Chini, yaani pointi za timu zote mbili zikijumlishwa zisizidi 226. Ile nusu pointi iko pale kuondoa sare. Mstari ungekuwa 226 kamili na mechi ikaishia 226, kila mtu angerudishiwa dau lake. Kukiwa na nusu, lazima upande mmoja ulie.

Kitu cha pili kilichoandikwa kwenye masharti, ambacho watu wengi hukipita haraka, ni kwamba soko la kawaida la jumla ya pointi huhesabu na muda wa nyongeza. Kishike hicho.

Hesabu yake

Mbashiri wetu hakubahatisha, na ndiyo maana kisa chake kinastahili kuchambuliwa. Alianza pale ambapo kila anayebeti jumla ya pointi anapaswa kuanzia: zamu za kushambulia. Zamu moja huisha timu inapofunga, inapokosa na mpinzani akachukua ribaundi (mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa), au inapopoteza mpira. Ukikosa kisha ukachukua ribaundi yako mwenyewe, zamu ni ileile, inaendelea. Kwa kuwa timu hupokezana mpira, kila moja humaliza mechi ikiwa na idadi ya zamu inayokaribiana sana na ya mwenzake. Takwimu zake hukadiriwa hivi: mitupo yote ya uwanjani, jumlisha 0.44 ya mitupo huru (ile inayotolewa baada ya faulo), toa ribaundi za kushambulia, jumlisha mipira iliyopotezwa. Ile 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru kwa kawaida huja miwili kwa zamu moja, na mingine huja juu ya kikapu ambacho tayari kimehesabiwa.

Ukishajua zamu, unahitaji kujua kila zamu ina thamani ya pointi ngapi. Jumla ya pointi ni mambo hayo mawili yakizidishwa. Kasi bila ufanisi ni kukimbia na kukosa. Ufanisi bila kasi ni timu inayofunga vizuri lakini mara chache.

Inasaidia kukumbuka kwamba kasi haikuwa sehemu ya asili ya mchezo huu. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliifunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, jumla pointi 37, kwa kuwa hakukuwa na kitu kilichoilazimisha timu itupe mpira, na Pistons waliamua kuushikilia. Mwaka 1954 ligi ikaleta saa ya sekunde 24 kwa kila zamu. Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, aliipata namba hiyo kwa kugawanya: mechi ina dakika 48, yaani sekunde 2,880, na mchezo wa kupendeza kwa macho yake ulikuwa na mitupo 120 hivi kwa timu zote mbili. 2,880 kwa 120 ni 24. Kila mstari wa jumla ya pointi unaouona leo umejengwa juu ya mgawanyo huo. Tangu hapo ufanisi umepanda na kushuka. Msimu wa 1998–99 timu ya NBA ilifunga wastani wa pointi 91.6 kwa mechi. Msimu wa 2022–23 ikawa 114.7, sehemu kubwa kwa sababu ya mitupo ya pointi tatu. Kwa hiyo 226.5 ni mstari wa kawaida kabisa kwa zama hizi, wala haukuwa na kitu cha kumshtua mtu.

Basi, mbashiri akaangalia takwimu za msimu. Timu zote mbili hucheza taratibu, karibu zamu 98 kwa mechi. Wenyeji hufunga pointi 116 kwa kila zamu 100, Wageni 114. Akajumlisha: 230 kwa zamu 100, mara 0.98, ni 225.4. Halafu akakumbuka habari aliyoisoma mchana: mfungaji mkuu wa Wenyeji hatacheza, goti linamsumbua. Akapunguza pointi 3 na ushei, akabaki na 222. Mstari 226.5, makadirio yake 222. Akaona amepata nafasi ya pointi nne na nusu.

Matokeo ya mechi hupishana sana na mstari. Ukichukua msimu mzima, takriban mechi moja kati ya tatu huishia mbali na mstari kwa pointi 18 au zaidi, juu au chini. Kwa mtawanyiko huo, nafasi ya pointi nne na nusu ingempa uwezekano wa kushinda wa karibu asilimia 60. Kwa odi 1.90 unahitaji asilimia 52.6 tu ili usipoteze hela kadiri muda unavyokwenda. Sitini ni biashara nzuri sana, na ndiyo maana inatakiwa imtie mtu shaka. Soko linalotazamwa na watu wengi kiasi hiki haliachi asilimia 60 mezani kwa ajili ya habari iliyotangazwa mchana.

Ufa ulikuwa wapi

Kuna nyufa mbili, na hakuna hata moja iliyoko kwenye dakika ya mwisho ambayo yeye mwenyewe ataililia.

Wa kwanza: alijumlisha mashambulizi mawili kana kwamba kila timu inacheza peke yake uwanjani. Wenyeji hawafungi 116 dhidi ya hewa. Wanafunga dhidi ya ulinzi wa Wageni, na ulinzi wa Wageni huruhusu pointi 118 kwa zamu 100, wakati wastani wa ligi katika kisa hiki ni 114. Njia rahisi ya kuunganisha ni kuchukua shambulizi la timu moja, kuongeza ulinzi wa mpinzani, kisha kutoa wastani wa ligi. Kwa Wenyeji: 116 na 118, toa 114, unapata 120. Kwa Wageni, wanaokutana na ulinzi wa kawaida wa 114: 114 na 114, toa 114, ni 114. Jumla 234 kwa zamu 100, mara 0.98, ni 229.3.

Sasa angalia: asubuhi mstari ulifunguliwa ukiwa 229.5. Aliyeuweka alikuwa amefanya hesabu hii, au inayofanana nayo. Mchana habari ya goti ikatoka, mstari ukashuka hadi 226.5. Pointi tatu. Mbashiri alipofika jioni akakuta 226.5, akaona namba kubwa, kumbe habari ileile aliyoitegemea ilikuwa imeshaishusha. Kulitoa goti kwenye makadirio yake kulikuwa sahihi, ila hakukumpa nafasi yoyote juu ya soko, maana soko nalo lilikuwa limeshalihesabu. Ukirekebisha kosa la ulinzi, kisha ukatoa pointi 3 za goti, makadirio yake yanakuwa 226.3. Mstari ni 226.5. Hakukuwa na nafasi ya pointi nne na nusu; kulikuwa na sehemu mbili za kumi ya pointi. Uwezekano wake halisi ulikuwa karibu nusu kwa nusu, na nusu kwa nusu kwa odi 1.90 ni kupoteza 5 katika kila 100 unayoweka, taratibu, mkeka baada ya mkeka.

Hilo peke yake lingetosha kumwambia aache. Ufa wa pili ndio unaonivutia zaidi, maana sijaona watu wakiuzungumzia vya kutosha.

Habari ya goti ilikuwa na pande mbili. Ilipunguza pointi za Wenyeji, sawa. Lakini Wenyeji ndio waliokuwa timu bora. Kwa hesabu ya asubuhi walitarajiwa kufunga 117.6 dhidi ya 111.7 za Wageni, pengo la karibu pointi 6. Bila mfungaji wao, pengo likashuka hadi 3. Mechi iliyokuwa na dalili za kuamuliwa mapema sasa ina dalili za kwenda hadi mwisho. Na mechi inayokwenda hadi mwisho, kwa mtu aliyeshika Chini, ni hatari ya aina yake, kwa sababu dakika mbili za mwisho za mpira wa kikapu haziendi kwa kasi ileile ya dakika 46 zilizotangulia. Huo mwishoni ni mchezo mwingine, wenye sababu zake za kufunga. Habari iliyoshusha matarajio ya pointi ndiyo hiyohiyo iliyofungua mlango wa pointi nyingi za dakika ya mwisho na za muda wa nyongeza. Yeye aliona upande mmoja tu wa habari.

Mechi

Kwa robo tatu kila kitu kilimpa haki. Robo ya kwanza 28–25, ya pili 27–29, mapumziko 55–54. Robo ya tatu 28–25 tena. Wenyeji 83, Wageni 79, jumla 162. Kwa mwendo huo mechi ilikuwa inaelekea 216, na Juu ilihitaji pointi 65 katika robo moja. Kampuni ikampa fursa ya kuuza mkeka: chukua 145 sasa hivi badala ya kusubiri 190.

Wengi wakisikia kisa hiki huanzia lawama zao hapa. Mimi siungani nao. Uwezekano wa Chini kushinda wakati ule ulikuwa asilimia 80 na kitu. Chukua 82 kwa mfano: 0.82 mara 190 ni karibu 156. Waliokuwa wanampa 145 walikuwa wanakata asilimia yao kwa mara ya pili, baada ya kuwa wameshaikata kwenye odi. Kukataa kulikuwa sahihi kihesabu, na kuwa sahihi hakubadiliki kwa sababu ya kilichotokea baadaye. Mtu anayeuza mkeka kila anapoogopa hulipa ada mbili kwa safari moja.

Robo ya nne ikaanza polepole zaidi. Dakika kumi na nusu, pointi 41 tu. Ilipobaki dakika 1:30 ubao ulisoma 105–98. Jumla 203. Chini ilikuwa na nafasi ya pointi 23 na sekunde 90 za kuilinda. Kwa mwendo wa kawaida wa mechi ile, sekunde 90 huleta pointi 6 au 7.

Alichokiangalia ni ile 203. Alichopaswa kuangalia ni 7, pengo kati ya timu.

Pengo likiwa 15 wakati huo, makocha huingiza wachezaji wa benchi, hakuna anayecheza faulo, saa inatembea na mechi inajifia. Pengo likiwa 7, aliye nyuma bado ana matumaini, na matumaini yake yote yako kwenye kusimamisha saa. Sheria zinamsaidia. Katika dakika mbili za mwisho za robo ya nne, NBA husimamisha saa baada ya kila kikapu kinachofungwa uwanjani, jambo ambalo halifanyiki katikati ya mchezo. Timu iliyochukua taimauti inaruhusiwa kuuingiza mpira tayari ukiwa upande wa mbele, bila kupoteza sekunde za kuvuka uwanja. Faulo ya tano ya timu katika robo hupeleka mpinzani kwenye mstari wa mitupo huru. Na hata timu ambayo haijafikisha hizo, ndani ya dakika mbili za mwisho inaruhusiwa faulo moja tu bila adhabu. Kila kanuni kati ya hizi imewekwa ili timu iliyo nyuma iwe na nafasi ya kurudi. Hakuna iliyowekwa kwa ajili ya mkeka wa mtu, lakini zote zinauelemea mkeka wa Chini.

Ikaenda hivi. Wageni wakafunga mtupo wa pointi tatu, 105–101, zimebaki dakika 1:22. Wenyeji wakala karibu sekunde zao zote 24 na kufunga mbili, 107–101, sekunde 59 zimebaki. Wageni hawakuwa na muda wa kupanga. Tatu nyingine mapema, 107–104. Jumla 211. Wenyeji wakakaa na mpira tena, safari hii wakakosa, Wageni wakachukua ribaundi na kukimbia: 107–106, zimebaki sekunde 24.

Simama hapa kidogo. Jumla 213. Mtu wa Chini bado ana pointi 13, na sekunde 24 ni zamu moja ya kushambulia. Kwa macho ya kawaida ameshinda. Lakini saa ya mechi na saa ya zamu sasa ni namba moja: Wenyeji wakiachwa wanaweza kushika mpira hadi king'ora. Kwa hiyo Wageni hawana hiari, lazima wacheze faulo. Na faulo ndiyo inayogawanya zamu ile moja kuwa zamu sita.

Sekunde 21: faulo, mitupo huru miwili, yote inaingia, 109–106. Taimauti, mpira unaingizwa mbele, mbili za haraka chini ya kikapu, 109–108, sekunde 15. Faulo tena kwenye sekunde ya 13, miwili inaingia, 111–108. Sasa Wenyeji nao wanafanya jambo ambalo makocha wengi hulipenda wakiwa mbele kwa tatu: wanacheza faulo wao wenyewe kwenye sekunde ya 8, ili mpinzani apate mitupo huru miwili badala ya kujaribu tatu ya kusawazisha. Wageni wanafunga yote, 111–110. Faulo kwenye sekunde ya 6, miwili, 113–110. Jumla 223. Wenyeji wangependa kucheza faulo tena, lakini mpokeaji anapokea mpira akiwa ameshageukia kikapu, na ukimgusa akiwa anatupa unampa mitupo huru mitatu. Wanamwacha. Mpira unaondoka mkononi kabla ya king'ora na unaingia.

113–113. Jumla 226.

Ubao unaonyesha namba iliyo chini ya mstari, kwa nusu pointi, na mkeka umeshakufa. Alama zikiwa sawa mwisho wa dakika 48 kuna muda wa nyongeza wa dakika 5, na Chini sasa inahitaji dakika tano zisizo na hata pointi moja. Wenyeji walishinda nyongeza 10–8, mechi ikaisha 123–121, jumla 244.

Kuhusu bahati, na kuhusu kupangwa

Katika sekunde 21 za mwisho ilitupwa mitupo huru minane, yote ikaingia. Ukichukua wastani wa NBA, ambao ni asilimia 78 hivi, uwezekano wa minane mfululizo ni asilimia 14 tu. Bahati mbaya, basi? Si kubwa kama inavyoonekana. Dakika ya mwisho mpira hapewi mtu wa wastani. Timu inayojua itachezewa faulo huutafuta mkono wake bora, na wachezaji wa asilimia 88 wakitupa wote, minane mfululizo inafika asilimia 36. Anayekadiria mwisho wa mechi kwa kutumia wastani wa msimu anarudia kosa lilelile la hesabu ya mwanzo, kwa sura nyingine.

Na hata mtupo mmoja ukikosa, haimaanishi Chini imeokoka. Mwenyeji angekosa mmoja kwenye 109–108, pengo lingekuwa mbili, Wageni wangehitaji mbili tu ili kusawazisha, na mlango wa nyongeza ungekuwa wazi vilevile. Ambacho kingemwokoa mtu wa Chini katika hali hii, zaidi ya kingine chochote, ni kimoja: mtupo wa uwanjani wa Wageni kukosa, na Wenyeji kuchukua ribaundi.

Mtu aliyechaniwa mkeka namna hii husema mechi imepangwa. Naelewa uchungu huo, lakini mpango halisi ukionekana huwa na alama tofauti. Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter wa Toronto Raptors. Katika mechi ya tarehe 20 Machi mwaka huo alicheza dakika tatu tu, akasema anajisikia vibaya, akatoka, na mtu aliyejua hilo mapema alikuwa ameweka dola 80,000 kwenye mkeka wa takwimu za Porter kuwa chini, ambao ungelipa dola milioni 1.1. Kampuni iliutilia shaka na haikuulipa. Angalia shabaha yake: takwimu za mchezaji mmoja wa benchi, ambazo yeye peke yake anaweza kuziua kwa kukaa chini. Jumla ya pointi za timu mbili ni kitu kigumu zaidi kukiongoza, kwa sababu watu kumi wako uwanjani na nusu yao wanataka kinyume cha nusu nyingine. Mechi yetu haikuhitaji mtu yeyote mwovu. Kila mchezaji na kila kocha alifanya kilicho sahihi kwa timu yake.

Nyongeza ina thamani gani

Historia ina mifano mikubwa. Tarehe 13 Desemba 1983 Detroit Pistons waliifunga Denver Nuggets 186 kwa 184, jumla 370, rekodi ya NBA ambayo haijavunjwa. Watu hutaja 370 bila kusema kwamba dakika 48 ziliishia 145–145, yaani 290. Pointi 80 zilizobaki zilitoka katika nyongeza tatu. Tarehe 24 Februari 2023 Sacramento Kings waliishinda Los Angeles Clippers 176 kwa 175. Dakika 48 ziliishia 153–153, nyongeza mbili zikaongeza 45. Mechi zile zilikuwa zimepita mstari wowote wa kawaida kabla ya nyongeza, kwa hiyo kwa mkeka hazikubadilisha kitu. Nyongeza inayoumiza ni ile ya mechi ndogo, ya polepole, kama hii yetu, ambapo Chini ilikuwa inafaa kwa dakika 48 zote.

Mechi za NBA zinazoingia nyongeza ni kati ya asilimia 5 na 7 hivi. Nyongeza moja kwa mwendo wa mstari wetu huleta pointi 23 au 24. Zidisha asilimia 6 kwa 23.6, unapata pointi 1.4. Hiyo ndiyo sehemu ya nyongeza iliyomo ndani ya kila mstari wa mechi nzima. Haionekani kwa sababu mechi nyingi hazina nyongeza kabisa na chache zina nyingi mno. Na asilimia 6 ni wastani wa mechi zote, zenye pengo la 12 na zenye pengo la 1 pamoja. Mechi ambayo soko linatarajia pengo la 3 ina zaidi ya wastani huo. Pale ndipo mbashiri wetu alipaswa kurudi aliposikia habari ya goti.

Kuna wanaosema dawa ni soko la dakika 48, ambalo baadhi ya kampuni huliweka kando na ambalo halihesabu nyongeza. Wanapenda kutoa mfano kama huu wetu: mechi imeishia 226 ndani ya muda wa kawaida, mtu wa Chini 226.5 angelipwa. Lakini hakuna kampuni itakayokupa 226.5 kwa dakika 48 ikiwa mechi nzima ni 226.5. Itaondoa ile pointi 1.4, na mstari wa muda wa kawaida utakuja 225 au 225.5. Mechi ilipofika 113–113, aliyeshika Chini 225.5 ya dakika 48 naye alikuwa ameshapoteza, kwa mtupo uleule wa mwisho.